Maji Yachemkayo Bila Kuni

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyejaalia katika ardhi moja maji baridi na maji moto, maji matamu na maji ya chumvi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Wasomaji watukufu, wako watu katika sisi ambao wakisikia neno "safari" hawafahamu ila mambo mawili: biashara, au kuzuru jamaa. Safari ya kwenda kutazama tu huiona ni upuuzi, na husema hayo ni mambo ya watalii ambao fedha zao hazina kazi. Maneno haya si sahihi. Dini yetu imetutaka tutembee katika ardhi na tuangalie, wala haikutwambia tuishie kwenye mipaka ya mitaa yetu. Lakini kuangalia kuna namna mbili. Kuko kuangalia kwa mbuzi, ambaye popote apitapo haoni ila majani. Na kuko kuangalia kwa mwenye akili, ambaye akiona kitu hujiuliza: nani aliyekifanya hivi, na mimi yanipasa nini?

Katika likizo ya Agosti walimu wa madrasa yetu hapa Mombasa walipanga safari ya kwenda Nakuru, na kutoka huko tutembezwe siku moja katika nchi ya milima ya moto na chemchemi za maji moto. Tulikuwa watu thelathini na mmoja: walimu, wanafunzi wakubwa, na baadhi ya wazazi, na katika hao mabuibui kumi na mawili yaliyokaa nyuma ya basi. Twalipanda treni mpaka Nairobi, kisha basi likatuteremsha kwenye Bonde la Ufa. Twalilala Nakuru kwa ndugu Waislamu wa mji ule, ambao walitukirimu kwa ukarimu ambao hatuwezi kuulipa ila kwa dua.

Asubuhi, baada ya Alfajiri, alitujia kiongozi wetu. Alikuwa kijana wa kabila la Waendorois, mwenyeji wa pande za Ziwa Bogoria, aliyeisomea kazi yake. Si Mwislamu, lakini ni mtu wa adabu na maneno machache. Kabla basi halijaondoka alisimama mlangoni akatupa sharti tatu. La kwanza, asitoke mtu njiani. La pili, asitie mtu mkono katika maji kwa kuyajaribu. La tatu, akisema "rudi", mtu arudi kwanza, ndipo aulize sababu. Vijana wetu wawili watatu wakacheka, na mmoja akaninong'oneza, "Maalim, leo amiri wetu ni huyu?"

Nikamjibu kwa sauti, ili wasikie wote. Nikasema: Mtume wetu (s.a.w.) alipohama Makka kwenda Madina pamoja na Sayyidna Abubakar, aliyewaongoza njia alikuwa Abdullahi bin Uraiqit, na mtu huyo wakati ule hakuwa katika dini yao. Lakini alikuwa mjuzi wa njia na mtimizaji wa ahadi, na kwa hivyo wakampa roho zao awapitishe jangwani. Ujuzi wa njia ni amana, na mwenye amana husikilizwa. Basi leo, katika mambo ya Swala na adabu, amiri wenu ni mimi. Na katika mambo ya ardhi hii, amiri wangu na wenu ni huyu bwana. Hapo wakanyamaza.

Mahali petu pa kwanza palikuwa Menengai, mlima ulio juu ya mji wa Nakuru. Sisi watu wa pwani tumezoea kwamba mlima ni kitu kilichoinuka. Hapa twalipanda mpaka ukingoni, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, baridi ikatupenya katika kanzu, kisha tukatazama mbele tukaona mlima haupo; pana shimo. Na shimo hilo si la kuelezeka kwa urahisi. Urefu wake ni kama kilomita kumi na mbili na upana wake kama nane. Kisiwa chetu cha Mombasa kingetiwa mle kizima kizima, na nafasi ya kubaki ingekuwa kubwa kuliko kisiwa chenyewe mara kadhaa. Chini yake kumetanda mawe meusi na vichaka, na hapa na pale mvuke mweupe wapanda polepole, kama moshi wa jiko la mtu usiyemwona.

Kiongozi akatueleza asili yake. Zamani, maelfu ya miaka, chini ya mlima ule palijaa mawe yaliyoyeyuka kwa moto, kama uji chunguni. Yalipotoka kwa nguvu na kumwagika, chini kukabaki utupu; na dari ya mlima, ilipokosa cha kuitegemeza, ikaanguka ndani. Tena akatwambia kwamba moto wenyewe haukuisha. Ardhi ya Bonde la Ufa yaachana taratibu, kwa kiasi kidogo mno kila mwaka, na kwa kuwa imenyambuka hivyo, joto la chini liko karibu na juu kuliko mahali pengine.

Nikawakusanya wanafunzi pale ukingoni nikawakumbusha jambo ambalo wengi wetu twalipita bila kulijua. Wale waliojaaliwa kwenda kuzuru Madina wameyaona mawe meusi kama haya, kwani mji wa Mtume umekaa baina ya nyanda mbili za mawe ya moto, nazo huitwa harra. Na katika mwaka 654 wa Hijria, uliolingana na mwaka 1256 miladi, baada ya ardhi kutetemeka, moto ulitoka ardhini upande wa mashariki ya Madina, na mawe yaliyoyeyuka yakamiminika kama mto kwa siku nyingi. Wanahistoria wa wakati ule wameyaandika. Watu wa Madina waliingia katika Msikiti wa Mtume, wanaume, wanawake na watoto, wakalia na kutubu, na waliokuwa na mali za watu wakazirudisha. Na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu ule mto wa moto haukuufikia mji.

Nataka msomaji aliangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu nitalirejea. Hakuna mji uliotukuka kwetu baada ya Makka kama Madina. Na hatta huo ulitokewa na moto wa ardhi. Na katika zama zetu, katika mwaka 2005, mlima wa Karthala ulioko Ngazija ulitoa majivu yakafunika vijiji vya ndugu zetu Waislamu na kuyaharibu maji ya mvua waliyoyaweka katika mabirika yao. Je, tuseme watu wa Ngazija walikuwa waovu kuliko watu wa miji mingine? Hasha. Aliyefikwa na msiba atazame nafsi yake na atubu, hilo ni jema kwake. Lakini mwenzake aliyesalimika hana ruhusa ya kumnyooshea kidole akasema, "Hii ni adhabu yako." Ghaibu ni ya Mwenye ghaibu.

Kutoka ukingoni kiongozi alituonyesha kwa mbali visima vya mvuke. Katika mwaka 2011 ndipo walipoanza kuchimba katika shimo lile la Menengai, na katika mwaka 2023 mtambo wa kwanza wa pale, wa megawati 35, ukaanza kutoa umeme. Lakini kazi hii si mpya Kenya. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, ambako twalipita tukaona mvuke kwa mbali, umeme wa jotoardhi umetolewa tangu mwaka 1981. Kazi yenyewe yafahamika hatta na mtoto: huchimbwa kisima kirefu mpaka penye maji yaliyowashwa na mawe ya moto, mvuke hupanda kwa nguvu zake mwenyewe, ukazungusha magurudumu ya mitambo, na umeme ukatoka. Siku hizi kama sehemu mbili katika tano za umeme wa Kenya watokana na mvuke huo. Kwa hivyo wewe uliyelala chini ya feni yako Mombasa au Malindi, katika joto la Februari, huenda kinachokupoza ni ule moto wa chini ya ardhi. Moto umekuwa sababu ya baridi! Aonaye hili asiseme "subhanallah", huyo ana moyo mzito.

Tukateremka kuelekea kaskazini. Mogotio tukapita penye alama ya ikweta, vijana wakataka kupigwa picha mguu mmoja huku na mmoja kule, na hilo halina ubaya. Nikawauliza, "Hapa mtaelekea wapi mkiswali?" Wakanyoosha mikono kaskazini moja kwa moja, kama tufanyavyo Mombasa. Nikawafahamisha kwamba Mombasa na Makka zakaribia kuwa katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini, na ndiyo maana kibla chetu ni kaskazini. Lakini huku tumekwenda magharibi, basi yatupasa tuelemee mashariki kidogo. Safari humfundisha mtu kwamba hatta lile alilolizoea utotoni lina sababu yake.

Ziwa Bogoria liko chini sana kuliko Menengai, kama mita elfu moja tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake ni kama la kwetu. Mashariki yake umesimama ukuta wa mlima, na magharibi yake, mahali paitwapo Loburu, ndipo penye chemchemi. Harufu hutufikia kabla ya macho: harufu ya kiberiti, kama yai viza. Watu wa Tanga wataijua, kwani kwao Amboni pia yako maji moto ya kiberiti. Kisha waona mvuke, na kisha wasikia sauti. Maji yachemka yakinguruma kama sufuria ya karamu ya harusi, na mara moja moja huruka juu. Hapana kuni, hapana mkaa, hapana mtu wa kuchochea. Mvua huingia katika nyufa za ardhi, hushuka mpaka penye mawe ya moto, hupata joto, kisha hurudi juu. Hayo ndiyo asemayo mwenye elimu ya ardhi, na ni kweli. Wala hayapingani na sisi tusemao ni kazi ya Mola. Mwenye kukueleza jinsi mkate ulivyopikwa hakukanusha kwamba yuko mpishi.

Kiongozi akatia mayai katika kikapu cha waya akayatumbukiza, na baada ya dakika chache yakawa yameiva, watoto wakafurahi. Kisha akatuonyesha ardhi iliyo pambizoni. Kwa macho ni kavu na nyeupe, kama sakafu ya chokaa. Lakini mahali pengine ni ganda jembamba tu, na chini yake ni maji ya kuunguza. Akasema, "Aliyeungua hapa hakuungua kwa sababu hakuona maji. Aliungua kwa sababu aliona ardhi." Neno hili nimelihifadhi. Ni mambo mangapi katika maisha yetu yaonekanayo ni nchi kavu, tukayakanyaga kwa sababu ya weupe wake!

Baadhi ya chemchemi hatukuziona, kwani zi chini ya ziwa. Tangu mwaka 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kujaa, na katika mwaka 2020 yakajaa zaidi. Pande za Bogoria na Baringo njia zilizama, na mashamba, na nyumba, na madarasa ya watoto. Heroe, wale ndege wekundu ambao watu huja kutoka mbali kuwatazama, hula mimea midogo sana iliyomo katika maji ya magadi. Maji mengi ya mvua yakiingia, magadi hupungua ukali, na chakula chao hupungua, nao huruka wakaenda kutafuta ziwa jingine. Siku ile tuliwaona wachache, wamesimama mbali kama mstari wa waridi.

Kiongozi akatusimulia yale aliyoyasikia kwa wazee wake. Wao husema kwamba pale penye ziwa palikuwa na watu wa kabila lao walioishi kwa anasa na kupindukia mipaka, Mungu akakasirika, na usiku mmoja akaididimiza ardhi, likawa ziwa. Mwanafunzi mmoja akasema, "Maalim, hii ni kama khabari ya kaumu Luti!" Nikamwambia: khabari ya kaumu Luti tumeipata kwa wahyi, basi twaiamini bila shaka. Khabari hii ni ya wazee wa watu. Hatuisadiki wala hatuikadhibishi, twaiheshimu, na mazingatio yaliyomo twayachukua. Na adabu ya kupita mahali panaposemwa palishuka ghadhabu tumefundishwa na Mtume wetu (s.a.w.), alipopita na masahaba wake penye majumba ya kaumu Thamud: aliwataka wapite kwa unyenyekevu na kulia, si kwa kucheza.

Kisha kijana yule akasema jambo jingine, kwa sauti ya chini. Alisema jamaa zake hawakuondolewa na maji peke yake. Katika mwaka 1973 ardhi hii ilipofanywa hifadhi ya wanyama, Waendorois walianza kuhamishwa, wakatengwa na malisho yao, na mahali pao pa ibada, na makaburi ya wazee wao. Walidai haki yao miaka mingi, mpaka kesi ikafika katika Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na katika Februari 2010 ikatangazwa kwamba wamedhulumiwa na kwamba yapasa warudishiwe ardhi yao na walipwe fidia. Na miaka mingi baada ya hukumu, wazee wao walikuwa wangali wakidai itimizwe. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa uchungu wa ardhi. Wala asiseme mtu, "Hao si katika sisi." Dhulma ni dhulma, na dua ya aliyedhulumiwa haizuiwi, awe ni wa dini gani. Mwenye kutazama uzuri wa mahali na asiulize nani alikuwa akikaa hapo, ametazama nusu.

Adhuhuri ilipoingia tulitafuta kivuli tukaswali, Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Vijana wakauliza: je, maji haya yafaa kutawadhia, na harufu yake ni hii? Suala zuri, na jibu lake katika madhehebu yetu ya Shafi ni hili. Maji yaliyogeuka harufu au tamu kwa sababu ya kitu kilichomo mahali pake au katika njia yake, kama chumvi, magadi au kiberiti, yangali safi na yasafisha. Kwani ni shida kuyaepusha na hayo. Na maji yenye joto kali ni makruhu, kwa kuwa humzuia mtu kukieneza kiungo; na yakiwa ni ya kudhuru, basi haifai kabisa. Na mwenye kutayammamu huku ajue kwamba jiwe tupu lisilo vumbi halitoshi. Yataka mchanga wenye vumbi. Ama sisi tulikuwa na madumu ya maji matamu ndani ya basi, tukatawadha kwa hayo bila ya israfu, kikombe kikombe.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nimemuomba mwenyewe ruhusa, naye amekubali kwa sharti asitajwe jina wala mtaa.

Katika wale mabuibui kumi na mawili alikuwamo mama mmoja, mtu wa Swala na saumu, ambaye darsa za akina mama hazimpiti. Baada ya Swala nilimwona amejitenga, aelekea chemchemi iliyo mbali na wenzake, na mkononi ana leso iliyofungwa. Kiongozi alimwona pia, akaita, "Mama, rudi!" Akasimama. Nikaenda mimi na mpwa wake, kijana wetu mmoja, tukakaa naye penye jiwe. Nikamwambia, "Mama, pale si njia. Kuna nini?"

Akaifungua leso bila kunificha. Ndani yake mlikuwa na ubani, kipande cha halwa, mayai mawili, na chupa tupu. Akasema, "Maalim, mimi si mshirikina, wanijua. Mwanangu ana miaka tisa kwa mumewe na hajajaaliwa mtoto. Nimeambiwa na mganga kwamba maji yachemkayo bila kuni yana wenyewe. Niwape hivi, nitaje haja yangu, nichukue chupa moja akanywe. Upande wa mumewe washaanza kumwita mti mkavu. Wasema ana laana. Machozi ya mwanangu ndiyo nilalayo nayo."

Wasomaji, ningeweza kumsomea hukumu pale pale, nayo naijua. Lakini mtu aliye ukingoni mwa maji moto hapigiwi kelele, hushikwa mkono. Nikamuuliza, "Moto huu nani auwashaye?" Akasema, "Ni Mwenyezi Mungu." Nikasema, "Na mwana ni nani atoaye?" Akasema, "Ni Yeye." Nikasema, "Basi mwenye nyumba yuko, mlango wake u wazi usiku na mchana, nawe wapita ukaenda kumpa halwa jiwe la kizingitini?" Akainamisha kichwa. Kiongozi naye, aliyekuwa amekaribia, akasema kwa upole kwamba maji yale hayanywewi. Yana magadi na madini mengi, na mtu akiyanywa yatamdhuru.

Mama akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Maalim, nyinyi mwatukataza milango tuigongayo. Haya, tuonyesheni mwingine."

Suala hili ni la haki, na lataka jibu, si karipio. Nikamwambia: mlango wa kwanza ni dua, na kumbuka kwamba Nabii Zakaria aliomba mtoto hali mifupa yake imelegea kwa uzee na mkewe ni tasa, hakuna aliyemwita mkewe mti mkavu, na Mwenyezi Mungu akawapa Yahya. Bibi Aisha, mama wa Waumini, hakuzaa. Nani athubutuye kusema alikuwa na laana? Mlango wa pili ni dawa, kwani tumeamrishwa kujitibu. Kisha nikamuuliza, "Mwanao amepimwa hospitali?" Akasema, "Mara tatu. Hawakuona kitu." Nikamuuliza, "Na mumewe?"

Akaniangalia kama niliyesema neno la ajabu. "Mume, Maalim? Mume hapimwi."

Hapo ndipo lilipo ganda jembamba, wasomaji wangu. Madaktari wametufahamisha kwamba sababu ya kukosa mtoto huwa kwa mke, na huwa kwa mume, na huwa kwa wote wawili, na pengine haijulikani. Lakini sisi katika majumba yetu tumeshahukumu kabla ya kesi. Mke hupelekwa kwa daktari, kisha kwa mganga, kisha kwa mzimu. Hufukizwa, huchanjwa, hunyweshwa. Hatimaye huolewa mwingine juu yake au hupewa talaka. Na mume kukaa kitako dakika chache mbele ya daktari huona ni kuvunjiwa heshima! Heshima gani hii, ambayo mtu hukubali mkewe aitwe mlaaniwa ili yeye asiulizwe? Huyu na mganga wameshirikiana kumsukuma mama wa watu mpaka kwenye ukingo wa maji ya moto.

Yule mama alifunga leso yake. Halwa aliwagawia watoto waliokuwa langoni, na mayai pia, nami nikamwambia hiyo ni sadaka na ana ujira wake. Ubani alirudi nao; ubani ni manukato, hauna kosa, kosa ni kwa anayefukiziwa. Chupa aliiacha katika pipa la taka. Njia nzima hakusema neno.

Baada ya kurudi Mombasa niliomba kuonana na yule mkwe, faragha, pamoja na mzee mmoja wa ukoo wake. Hakukuwa na ugomvi. Nilimsomea yaliyomo katika dini kuhusu haki ya mke, nikamweleza kwamba kujipima si kukiri upungufu bali ni kuondoa dhulma. Aliomba siku mbili za kufikiri, kisha akaenda, yeye na mkewe pamoja. Kilichoonekana huko ni siri yao, na kama wamejaaliwa au hawajajaaliwa, hilo si la kuandikwa gazetini. Lililo la kuandikwa ni kwamba katika nyumba ile hakuna tena aitwaye mti mkavu.

Basi enyi akina baba, nawausieni. Mke asiyezaa hakulaaniwa, kama Madina haikulaaniwa kwa moto uliotoka kando yake. Na nyinyi akina mama, mkiona haja imechelewa, msiondoke penye mlango wa Mwenyewe mkaenda kubisha kwenye mawe. Na enyi walimu wenzangu, mkimkataza mtu njia, simameni naye mpaka mmwonyeshe nyingine na mwende naye hatua mbili tatu. Kiongozi wetu kule Bogoria hakusema "rudi" akageuza mgongo. Alikuja mpaka pale alipo mama, akatupitisha mahali palipo pagumu, na mpaka jioni hakumwacha mtu nyuma.

Ewe Mola wetu, uliyeuficha moto chini ya nyayo zetu na ukatuacha tutembee kwa amani, tuhifadhi na kila ardhi idanganyayo macho. Waliozamishiwa mashamba na nyumba uwape badala, waliodhulumiwa uwarejeshee haki zao, na wanaokuomba watoto uwape kheri unayoijua Wewe. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.